Hadubini Haiondoki Manyatta

Rafiki yangu mmoja aliyesoma rasimu ya kurasa hizi alinishauri nizipunguze makali. Alisema mwanasayansi aliyekosea hadharani anafaa kuandika kwa unyenyekevu. Nilimshukuru, nikayaacha makali yalivyo. Nilikosea, ndiyo, na nitaeleza nilivyokosea bila kuficha kitu. Lakini kukosea ni jambo moja, na kuomba radhi kwa sababu ninafanyia kazi Manyatta ni jambo lingine. Hilo la pili halitatoka kinywani mwangu.

Kazi yangu ni kutazama mizigo ikisafiri ndani ya seli. Seli ya neva ina mwili mdogo na mkia mrefu sana. Karibu kila kitu ambacho mkia unahitaji hutengenezwa kule mwilini, kisha lazima kibebwe hadi mwisho wa mkia. Njia zenyewe ni mirija myembamba kupita kiasi, ambayo sisi wa fani huiita mikrotubuli. Juu ya mirija hiyo hutembea protini zenye kitu kama miguu miwili, zimebeba vifuko vya mizigo, hatua baada ya hatua. Mara ya kwanza nilipoona vifuko hivyo vikienda nilikumbuka punda wa maji wa kwetu, wanavyopanda kutoka mtoni kwa mstari, kila mmoja na mitungi yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, katika nchi ya mbali yenye theluji, na nililia mbele ya mashine ya watu. Msimamizi wangu alidhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Nyumbani ni Kiambere, upande wa Mbeere kwenye joto. Bwawa letu linazalisha umeme, na nyaya zake zilipita juu kabisa ya boma letu zikielekea kwingine. Nilisoma shule ya msingi yote kwa taa ya mafuta chini ya nyaya hizo. Tulizisikia zikivuma, tukaambiwa tusizipigie mawe. Nalitaja hili mapema kwa sababu neno umeme litarudi, na ningependa msomaji ajue nililisikiaje.

Mama alifuga kuku, na bado anafuga. Katika joto la kwetu adui wa yai ni jua. Ukimwacha kuku alalie chini ya mabati mwezi wa pili, mayai yanaharibika yote, na unajua kwa harufu. Kazi yangu nikiwa mtoto ilikuwa kuhamisha viota kivulini na kulowesha gunia la kuvifunikia. Mama alikuja nyuma yangu akikagua. Aliokota yai moja, akafumba jicho, akaligusisha kwenye ukope, kwa sababu ngozi ya ukope haidanganywi na vidole vyenye sugu. Akijua lina joto lake analirudisha. Nilikua nikiogopa joto kuliko nyoka.

Nilipomaliza masomo ya uzamifu, msimamizi wangu alinikalisha chini akaniambia nisirudi. Alisema nitaoza. Alitumia neno hilohilo, kwa upole, kama daktari anayetoa majibu ya vipimo. Nilirudi. Nilipata nafasi katika kituo kidogo cha utafiti kwenye mteremko wa Manyatta, juu ya mji wa Embu, kati ya mashamba ya kahawa na majani chai. Kwa miaka mitatu niliandika maombi mpaka nikapata hadubini iliyokwishatumika, nzuri sana, yenye lenzi ya chuma nene kama kidole gumba. Majirani waliposikia daktari amefika walianza kuniletea migongo inayouma na watoto wenye kikohozi. Mzee mmoja alinisikiliza nikieleza kazi yangu hadi mwisho, akauliza, "Kwa hivyo wewe hutibu mtu hata mmoja?" Nilimjibu kwamba hata mmoja. Alinihurumia waziwazi.

Neva zangu hutoka kwa viinitete vya vifaranga, siku ya tisa au ya kumi ndani ya yai, na mayai yalitoka kwa Mama. Hapo tulikuwa na mzozo wa muda mrefu. Nyumbani kwetu yai likishalaliwa ni la kuku, si la mtu. Haliuzwi, haliliwi, halihesabiwi. Kwa hiyo Mama aliniuzia mayai ya siku hiyohiyo, yaliyo baridi, aliyonikabidhi siku ya soko pale Gachoka akiyapanga ndani ya kikapu chenye wishwa. Mimi niliyalalisha kwenye kabati langu la joto huku juu. Alijua ninachofanya nayo, nami nilijua anajua. Kila mara aliniambia, "Mimi nimekuuzia mayai. Yakiwa vifaranga mkononi mwako, hayo ni yako na Mungu."

Sasa nije kwenye kosa.

Katika mwaka wangu wa pili na hadubini ile niliona jambo la ajabu. Kila asubuhi mizigo ndani ya neva zangu ilikuwa imesimama. Michache ilijikokota, mingine haikusogea kabisa, na mirija yenyewe ilionekana imepungua. Ikifika saa sita mchana ilianza kwenda. Saa nane ilikuwa mbio. Nilirudia kwa miezi kadhaa na ikawa hivyohivyo. Nikaamua kwamba neva zina saa yake, kwamba usafirishaji ndani yake hupumzika alfajiri na kuamka mchana hata kama kifaranga mwenyewe hayupo tena. Niliandika makala. Jarida zuri liliichapisha. Kwa muda nilitembea Embu mjini nimeinua kidevu, na kama ningemwona yule msimamizi wangu barabarani ningempita bila salamu.

Kisha maabara mbili za nje zikajaribu kurudia jaribio langu zisione kitu. Kwao mizigo ilitembea asubuhi, mchana na jioni.

Barua ya jopo la waliotupa hadubini, kutoka Nairobi, ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulinisifu. Wa pili ulisema matokeo yangu yameshindwa kurudiwa, kwamba mazingira ya kituo chetu, hasa umeme, hayafai chombo cha kiwango hicho, na kwamba jopo litafika baada ya wiki tatu kukagua, na ikibidi, kuihamisha hadubini. Pamoja na barua walikuwa wameambatisha vipimo vya kreti ya kuifungia. Nililisoma neno umeme mara tatu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi na hasira zangu.

Bila hadubini ile mimi si mwanabiolojia wa seli. Ni mwalimu mwenye picha za zamani. Nilijua pia kwamba ikishashuka mlima huu haitapanda tena, na kijana yeyote wa Mbeere atakayetaka kuona mizigo ikitembea itabidi aende kuomba nafasi kwenye milango ya watu. Hilo ndilo lililonifanya nisage meno.

Wiki ya kwanza nilirudia majaribio yote. Asubuhi imesimama, mchana inatembea. Nikasema basi, wao ndio wamekosea. Fundi wangu wa maabara, Mmeru wa upande wa Maua, mtu mpole anayekuja kazini na jaketi mbili mwezi wa saba, aliniambia kwa mara ya kumi, "Daktari, lakini hii room ni baridi. Si tufunge tu madirisha?"

"Nyinyi watu wa mlimani mnapenda kulalamika," nikamwambia. "Mashine ikipata joto itaungua. Soma hapo."

Nilimwonyesha kipimajoto. Chini ya neva kulikuwa na kibamba chenye kipasha joto, na kipimajoto chake kilisoma nyuzi thelathini na saba, joto linalotosha kuku na vifaranga vyake. Kilisoma hivyo usiku na mchana, mwaka mzima. Na madirisha niliyafungua mwenyewe kila jioni kabla ya kuondoka, ili chumba kisije kikapata joto. Hakuna mtu wa Manyatta angefanya hivyo. Mtu wa Manyatta anajua ukungu wa hapa unavyoingia mpaka kwenye mifupa. Ni lazima uwe umelelewa Kiambere, ukilowesha magunia, ndipo uone baridi kama kitu kisichoweza kukudhuru.

Wiki ya pili Mama alikuja. Nilikuwa nimenunua mayai mara mbili ya kawaida, akaamua kuja kuona yanakoenda. Hakunipigia simu. Nilimkuta langoni saa mbili asubuhi, amejifunga leso mbili na kikapu mkononi, akiitazama milima kwa chuki.

"Watu wanaishi huku?" akaniuliza kwa Kimbeere.

Nilimvisha koti jeupe. Fundi akamletea stuli, akakataa kukaa. Nikawasha skrini. Palikuwa na mstari wa kijivu, na juu yake vidoa vimetulia.

"Hii ni neva ya kifaranga, Mama. Bado iko hai. Hivyo vidoa ni mizigo."

Alitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa anigombeze kwa ajili ya kifaranga, lakini hakufanya hivyo. "Mbona mizigo imesimama?"

"Husimama asubuhi."

"Nani alisema?"

"Mimi ndiye niligundua."

Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikisema nimeosha sufuria. Akauliza neva yenyewe iko wapi, si picha. Nikamwonyesha, hapo katikati, kati ya kibamba na lenzi, kwenye tone la mafuta. Akaweka kikapu chini. Akainama, akafumba jicho, akagusisha ukope wake kwenye chuma cha lenzi yangu. Fundi alipiga hatua moja kumzuia, nikamshika mkono.

"Hiki ni baridi kama maiti," Mama akasema. "Mwari wangu, umemweka mtoto wa kuku juu ya jiko, halafu ukamfunika na jiwe la mtoni."

Nilimwonyesha kipimajoto. Thelathini na saba.

"Hiyo inapima jiko," akasema.

Fundi alikuwa na adabu ya kutosha kutazama dirishani. Mimi nilikuwa nimesimama na koti langu na shahada zangu, na nilijua papo hapo kwamba ni kweli. Mafuta yanaunganisha lenzi na kioo chembamba kinachobeba neva, na chuma kile kinene kilikuwa kikilala na ukungu usiku kucha, kisha asubuhi kinanyonya joto la neva kupitia tone lile. Mikrotubuli huvunjika kwenye baridi. Kila mwanafunzi wa fani yangu anafundishwa hivyo. Na wachukuzi wake, zile protini za miguu miwili, huchelewa, kisha husimama. Nilikuwa nalijua hilo kwa miaka kumi na tano na sikulifikiria hata siku moja, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa ikijihadhari na jua.

Tulitia waya mwembamba wa kupimia joto ndani ya tone la mafuta. Kibamba kilisoma thelathini na saba. Mahali pa neva palisoma ishirini na tatu. Saa nane mchana, chumba kilipopata jua, pakasoma thelathini na tatu, na mizigo ikaenda. Saa niliyoigundua ilikuwa saa ya jua kugonga dirisha langu. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama Mama usoni. Yeye aliomba chai.

Aliporudi Kiambere, fundi alikaa karibu nami. "Daktari, si tufunge hiyo kitu na kitu ya joto, wakikuja tuwaonyeshe ikitembea? Hiyo paper watasahau."

Alikuwa anataka kuniokoa na nilimpenda kwa hilo. Na nitasema ukweli, nililifikiria siku nzima. Nikikiri, ninawapa mikononi sababu waliyokuwa wakiitafuta. Nikinyamaza, labda mashine inabaki. Lakini kila nilipojaribu kupanga maneno ya kuwaambia nilijiona nimeinama, naongea kama mtu aliyeiba. Sikuwa nimeiba. Nilichoona nilikiona, mashine haikudanganya, na umeme haukuhusika hata kidogo. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa na maelezo. Kesho yake niliandikia jarida nikaiondoa makala yangu mwenyewe, kabla mtu hajaniambia niiondoe, na nikaeleza sababu yote hadi madirisha.

Kisha tukaanza kazi. Fundi alikulia katika nyumba inayofunga miraa, na anajua kuzuia hewa isiingie kwenye kitu kuliko mhandisi yeyote niliyewahi kukutana naye. Alizungusha mpira mwembamba kwenye lenzi, maji ya moto yakapita ndani yake kidogo kidogo kutoka kwenye birika lililokaa juu ya jiko la gesi. Juu ya mpira akafunga vipande vya blanketi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, akikaza shingoni, kisha akakamilisha na nyuzi za mgomba. Cha kwanza kilivuja. Cha pili kilipasha joto kupita kiasi, na hapo nilikuwa mtaalamu, nilijua la kufanya. Cha tatu kilishika. Tulikiita kitita. Saa moja asubuhi, ukungu ukiwa umefunika madirisha yaliyofungwa, waya ulisoma thelathini na saba pale penyewe, na mizigo ilikuwa ikitembea. Fundi alivua jaketi moja.

Jopo lilifika asubuhi na mapema, watu watatu, mwenyekiti wao Profesa mtaratibu mwenye skafu shingoni, na nyuma yao lori dogo na kreti tupu. Kreti niliiona kabla sijaona nyuso zao. Tulikuwa tukinywa chai umeme ukapotea. Mjumbe mmoja alimtazama mwenzake, akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Andika pia kwamba taa, skrini na kibamba vinatumia betri," nikamwambia, "na joto la lenzi linatoka kwenye gesi. Twendeni."

Nilianza bila kitita. Mstari wa kijivu, vidoa vimetulia.

"So kweli inasimama," Profesa akasema.

"Inasimama kwa sababu ya baridi. Makala yangu ilisema ni kwa sababu ya saa. Makala ilikosea, na nimeshaiondoa. Barua niliyoandika ni hii."

Aliisoma akiwa amesimama. "Daktari, unajua umetupatia sababu tuliyokuja kutafuta?"

"Najua. Sasa kaeni hapo dakika kumi."

Fundi alifunga kitita. Tulingoja. Kidoa kimoja kilitikisika. Kikasogea, kikasimama, kikasogea tena. Kisha kingine nyuma yake, na kingine kikaja kutoka upande wa pili, vikapishana. Baadaye mkia mzima ulikuwa barabara yenye watu. Profesa alivuta stuli akakaa, na hakuinuka kwa muda mrefu. Nilimwomba fundi afungue kitita, mizigo ikapungua mwendo hadi ikasimama. Akafunga, ikaamka. Tukafanya hivyo mara tatu mbele yao, bila umeme.

Profesa alinyoosha kidole akaigusa lenzi pale penye mwanya wa blanketi. "Yetu iko chini ya kiyoyozi," akasema polepole, si kwa yeyote. Kisha akanigeukia. "Hii tatizo nani aliiona? Mliita mtu kutoka nje?"

"Mama yangu."

Alicheka kwa adabu, akidhani ni utani. Sikucheka. Fundi pia hakucheka.

"Anafuga kuku," nikasema. "Aligusa chuma kwa ukope."

Fomu yake ilikuwa na sehemu ya jina na cheo cha mtaalamu aliyetambua hitilafu. Niliona kalamu ikianza kuandika maabara ya kituo. Nikaweka kidole changu juu ya karatasi.

"Andika ilivyo. Mfugaji wa kuku, Kiambere."

"Daktari, hii fomu inaenda juu."

"Ndiyo maana nataka iandikwe."

Tulitazamana. Nje dereva wa lori alikuwa ameshateremsha kreti na kuegemea juu yake. Nilikuwa tayari wachukue chombo nikiwa nimeshikilia kidole pale. Profesa alishusha pumzi, akakata maneno aliyokuwa ameanza, akaandika nilivyosema, herufi kubwa, kisha chini yake akaandika kwamba chombo kibaki kilipo. Mjumbe mwenye daftari aliomba neno, akanyimwa. Walipoondoka kreti ilirudi tupu kwenye lori, na Profesa alikuwa amepakata kitita cha pili, kile kilichopasha joto kupita kiasi, na maelezo yangu ya jinsi ya kukipunguza.

Nilimpigia Mama simu nikamweleza yote, hadi alivyoandikwa kwenye karatasi inayokwenda juu.

"Na madirisha umefunga?" akauliza.

Nilienda nikayafunga, simu ikiwa bado sikioni.